Chura wa Chumba Namba Saba

Njoki alinipigia simu nikiwa jikoni nachambua sukuma wiki, na ikabidi ajitambulishe mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikumjua. "Ni Njoki. Njoki wa Mama Njoki wa Machakos, yule wa vioo." Nikajua kabla hajasema. Mama yake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, kwao Murang'a, na sasa walikuwa wanatoa vitu nyumbani kwake ili ploti iuzwe. "Kuna kitu chako hapa," akasema. "Mama alisema kisiguswe na mtu mpaka uje mwenyewe. Mimi hata sijui nikiite nini. Ni kama sanduku." Mimi si mtu wa kulia ovyo, wanangu wanajua, huwa wananiita jiwe nikiwapa kisogo. Lakini siku hiyo nilikaa na sukuma zangu mapajani nikalia mpaka jirani akabisha mlango. Wala sikulia kwa sababu Mama Njoki amekufa. Alikuwa ameishi, alikuwa amechoka. Nililia kwa sababu neno la mwisho nililomwambia yule mama, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, lilikuwa "muuaji", nikaongeza na lingine baya kuliko hilo, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kurudi Machakos kuyachukua maneno yangu.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili, mwaka wa kiangazi na wa stima kukatwa kila jioni. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeajiriwa kutunza maabara ya shule moja ya wasichana pembeni mwa mji. Kazi yangu ilikuwa kuosha mirija ya kioo, kufunga kabati la kemikali, na kuwaweka vyura kwenye chupa za dawa kwa ajili ya mitihani. Vyura wote niliowajua kwa karibu walikuwa maiti. Nilikodi chumba namba saba, cha mwisho kwenye mstari, dirisha lake likitazama ukuta wa choo. Ndani kulikuwa na kitanda cha futi tatu na nusu, jiko la mafuta taa, meza, na kiti kimoja. Nilinunua kiti kimoja kwa sababu sikuwa na mtu wa kukalia cha pili. Wacha niseme wazi, maana siku zile nilificha hata nafsi yangu: nilikuwa mpweke. Tangu Ijumaa nikitoka kazini hadi Jumatatu asubuhi, jina langu, Mwende, halikutamkwa na mtu. Kuna Jumamosi nilizunguka sokoni nikiuliza bei ya vitu ambavyo sikutaka, nyanya, kamba, viatu vya watoto, ili tu mtu anijibu.

Mwenye ploti alikuwa Mama Njoki, mjane kutoka Murang'a aliyekuja Machakos na mumewe kufanya biashara, mume akafa, biashara ikabaki. Duka lake la vioo lilikuwa mbele, kando ya barabara, na vyumba vyetu nyuma. Alikata vioo mwenyewe, kwa mkono, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo madogo meupe. Tenki la maji, lililojazwa na lori la kuuza maji, alilifunga kwa kufuli. Kila asubuhi alisimama hapo na ufunguo shingoni, kila chumba kikapata mitungi miwili, hakuna cha mtoto mgonjwa wala cha mgeni amekuja. "Maji si yangu, ni ya Mungu na ya lori," alikuwa akisema, "na lori nalo limepotea." Wapangaji walimwogopa. Mimi nilimwogopa pia, lakini alikuwa mtu pekee aliyenisalimia kila siku, hata kama salamu yenyewe ilikuwa, "Namba saba, leta mtungi."

Shuleni walikuwa wametupa tangi la zamani la samaki lenye ufa upande mmoja. Nililibeba hadi nyumbani kwa sababu ya picha niliyoiona kwenye kitabu cha maktaba: msitu mdogo ndani ya kioo, umefunikwa, majani yanatoa jasho, na pembeni kidimbwi kidogo cha maji. Niliitazama ile picha mpaka mtunza maktaba akaniuliza kama nimelala. Nje kila kitu kilikuwa cha rangi ya vumbi, hata mbuzi. Nilitaka kitu cha kijani ambacho kingekuwa hai kwa sababu yangu. Basi nikalipeleka tangi dukani kwa Mama Njoki abadilishe ule upande wenye ufa na anikatie kifuniko. Alilizungusha, akaligonga kwa kucha.

"Ni ya samaki?"

"Hapana, Mama. Nataka kupanda majani ndani."

"Majani iko nje."

"Nje imekauka."

"Na maji itatoka wapi?"

"Kwa mtungi wangu."

Alinitazama juu ya miwani. "Usije kuniambia eti hauna ya kuoga." Lakini aliukata upande mpya vizuri sana, akaupiga msasa kwenye kingo nisijikate, akaupaka gundi ya silikoni mstari mmoja ulionyooka utadhani umechorwa kwa rula.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliujenga msitu wangu vile baba yangu alivyojenga silanga, lile bwawa la udongo la kwetu Kithyoko: nikajaza udongo mwekundu, nikachimba shimo katikati, nikashindilia kingo kwa ngumi, nikamwaga maji. Kwa wiki moja lilipendeza. Wiki ya pili likawa tope tupu, na harufu yake ilinifanya nilale na shuka puani. Nikaling'oa lote nikalia kidogo, kisha nikakumbuka mto. Kwetu mto hauna maji ya kuonekana kwa miezi mingi, lakini kila mtoto anajua yako chini ya mchanga. Unafukua kwa kibuyu, unachutama, unangoja, na maji yanajikusanya yenyewe, safi, baridi. Nikajenga hivyo. Chini kokoto, juu yake mchanga wa mto niliouosha mpaka ukaacha kutoa rangi, kisha kipande cha chandarua, makaa yaliyopondwa, na udongo upande mmoja tu, umeinuka kama kilima. Upande wa pili nikauacha mchanga mtupu, nikaufukua kidogo. Nikamwaga maji juu ya kilima, nikachutama sakafuni, nikangoja. Yalichukua muda, lakini yalikuja yenyewe kutoka chini ya mchanga, yakatengeneza kidimbwi cha upana wa sahani. Niliita kwa sauti, "Aiya! Yamekuja!" na hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Mimea niliitoa kwenye chemchemi moja ya milima ya Iveti: makangaga, yale majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege, na lile zulia la kijani linaloota juu ya mawe yenye unyevu. Udongo wenyewe niliutoa kwetu wakati wa Pasaka, chini kabisa ya silanga iliyokauka, mabonge magumu yaliyopasukapasuka. Mama yangu alinicheka. "Watu wanabeba mahindi kupeleka mjini, wewe unabeba udongo." Niliyavunja yale mabonge, nikayalowesha, nikafunika kifuniko. Baada ya siku kumi hivi, kioo kikiwa kimejaa matone kwa ndani, niliona udongo unasogea. Kikatoka kichwa. Chura mdogo, mfupi kuliko kidole gumba, rangi ya kahawia, macho yamefunikwa na tope. Alikuwa amejizika mle bongeni tangu silanga ikauke, akingoja mvua, na mvua yake ilikuwa kikombe changu cha plastiki. Alijikokota hadi kidimbwini akakaa, nami nikakaa kwenye kiti changu kimoja, tukatazamana. Nilimpa jina la Karani, kwa sababu alikaa tu siku nzima, ametuna, na hafanyi kazi yoyote.

Sasa, kuna jambo linalojulikana na kila mtu Ukambani bila kufundishwa: chura akilia baada ya kiangazi, mvua iko njiani. Karani alianza kulia jioni moja, stima ikiwa imekatwa na watu wanapika kwa mishumaa. Sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili wake mara mia. Nikasikia jiko la chumba cha tano limenyamaza. Nikamsikia Mama Kioko, jirani yangu, akitoka nje. "Mnasikia? Chura! Chura analia, jamani!" Ploti nzima ikatoka. Karai, sufuria, ndoo, beseni la kuogeshea mtoto, vyote vikapangwa chini ya mabati. Watu wakaanza kusalimiana upya, mtu anamuuliza mwenzake kama kwao wamelima. Mama Njoki mwenyewe, na magoti yake mabovu, alipanda ngazi kuunganisha bomba la mabati na tenki. Na mimi nimekaa ndani, mkono mdomoni, nikimwomba Karani anyamaze. Ningeweza kufungua mlango na kusema. Lakini nitasema nini? Asubuhi vyombo vyote vilikuwa na vumbi. Jioni ya pili akalia tena, wakatoa vyombo tena, japo si vyote. Jioni ya tatu Mama Njoki aliufuata mlio kwa masikio, polepole, mlango hadi mlango, mpaka kwangu.

"Namba saba. Fungua."

Nilifungua. Aliingia na mshumaa, Mama Kioko nyuma yake. Aliinama mbele ya kioo, akasukuma miwani, na Karani, bila haya, akavimbisha shingo akalia palepale. Mama Njoki alisogeza mshumaa karibu na kioo.

"Kwa hivyo ni huyu," akasema. "Ni huyu amenipandisha juu ya mabati na hii magoti."

"Nisamehe, Mama. Niliogopa kusema."

Basi akaanza kucheka. Sijawahi kumwona mtu akicheka vile. Ilibidi akae kitandani kwangu, machozi yanamtiririka, anapiga paja. "Ngai! Tumefanyiwa mkutano na chura!" Mama Kioko hakucheka. Alisema chura wa kufugwa ndani si kitu cha mtu mzuri, kwamba kwao mambo hayo yana jina, na tangu siku hiyo watoto wake walikatazwa kupita karibu na mlango wangu. Nilisikia kupitia ukutani akimwambia mumewe kwamba msichana asiye na wageni lazima awe na sababu. Lakini Mama Njoki alisimama pale mlangoni siku ileile akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Huyo chura ni mpangaji wangu. Mwenye shida na yeye akuje kwangu."

Kesho yake jioni alibisha hodi, amebeba kigoda chake mwenyewe kwa sababu aliona nina kiti kimoja. Akakaa. "Nimekuja kuona mpangaji." Alikuja na kesho kutwa yake, na siku iliyofuata, mpaka ikawa kawaida. Alileta githeri, mahindi na maharagwe, kwenye bakuli la bati, mimi nikapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na tukabishana. "Nyinyi Wakamba mnatoa mahindi ngozi, mnatupa, halafu mnasema mko na njaa," alikuwa akisema. Nami nilimjibu kwamba githeri yao ni ya watu wasio na subira, na mahindi yake yanaingia tumboni yakiwa yamevaa koti. Alicheka, akajiongezea muthokoi. Mara nyingi hatukuongea. Tulitazama matone yakiteleza kwenye kioo, kangaga jipya likikunjuka kidogo kidogo, Karani akimvizia mbu. Jumapili moja nilienda dukani kumpelekea chai, nikamkuta anaongea na simu ya mezani, ananipa mgongo. Njoki alikuwa amehamia mbali kufuata kazi, na kila mara alikuwa anakuja mwezi ujao. "Hapana, usijali," Mama Njoki alikuwa anasema. "Niko sawa. Niko na watu wengi hapa, hata nafasi ya kukaa hakuna." Aliporudisha simu alikaa akiitazama. Niliweka kikombe mezani taratibu, nikajifanya sikusikia. Jambo hilo nililijua basi. Ndiyo sababu siwezi kusema kwamba nilichokuja kusema baadaye kiliniponyoka tu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mama yangu aliugua, nikaenda Kithyoko kwa siku nne. Ufunguo nilimwachia Mama Njoki, nikamwagiza amwekee Karani kikombe kimoja cha maji siku ya tatu, juu ya kilima, polepole. Sikumwambia maji gani. Haikuniingia akilini. Niliporudi alikuwa ananingoja mlangoni, uso umechangamka kama wa mtoto aliyepata alama nzuri. "Ingia uone. Sikumwekea kikombe, nimemwekea nusu ndoo. Nimemwekea yangu." Nikaingia. Kidimbwi kilikuwa kimejaa mpaka kwenye mizizi ya makangaga, na pembeni mwa maji kulikuwa na mstari mweupe wa povu. Karani alikuwa anaelea, tumbo juu.

Yalikuwa maji ya kusuuzia nguo. Watu wote wa ploti, watu wote wa mji mwaka ule, hakuna aliyemwaga maji ya sabuni bure. Ya kufulia yalisafisha sakafu, ya kusuuza, yale ya mwisho, yalimwagiwa sukuma wiki, na sukuma zilistawi. Lori lilikuwa halijaja siku sita. Yule mama, mwenye kufuli, mwenye mitungi miwili kwa kila mlango, alikuwa ametoa nusu ya akiba yake ya mwisho akampa chura wangu, na alikuwa anasubiri nimwambie asante. Leo naliona hilo wazi kama kioo chake. Siku ile niliona povu tu. Ngozi ya chura inakunywa. Sabuni inaingia moja kwa moja. Ningeweza kumweleza hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa maabara.

"Umemuua," nikasema.

"Mimi? Hapana, ni maji safi, nilisuuza mara..."

"Ni ya sabuni! Umemuua. Wewe ni muuaji tu, Mama. Ndiyo maana hata Njoki hataki kuja kukuona."

Alinitazama. Uso wake haukubadilika sana, ila mkono wenye makovu uliinuka, ukagusa ufunguo wa tenki shingoni, ukashuka. Kisha akatoa ufunguo wa chumba changu mfukoni, akauweka mezani bila sauti. "Sawa, mwalimu," akasema. Hakuwahi kuniita mwalimu. Akainama, akachukua kigoda chake, akatoka. Nilimsikia akipita vyumba vyote sita, viatu vyake vikiburuta, mpaka mlango wa duka ukafungwa.

Nilimzika Karani nyuma ya choo. Niliosha mchanga wote, nikajenga upya, nikaokoa makangaga matatu. Mama Njoki aliendelea kunipimia mitungi yangu kila asubuhi, imejaa mpaka shingoni, bila neno. Mara mbili nilisimama nyuma ya mlango wa duka nikiwa na maneno yangu tayari, mara mbili nikarudi. Ujana ni jeuri, na jeuri ya mtu mpweke ni mbaya zaidi kwa sababu hana wa kumkanya. Nilimkosa kila jioni. Nilipika muthokoi ya watu wawili, nikala baridi asubuhi. Kufika mwisho wa Oktoba nikapata kazi kwenye shule nyingine, mbali. Nikafunga virago. Tangi sikuweza kulibeba, na kiti nikakiacha. Niwe mkweli: ningeweza kutafuta mkokoteni. Nililiacha makusudi, ili afungue mlango alikute likiwa linakauka. Mvua ilinyesha siku mbili baada ya mimi kuondoka. Niliisikia kwenye mabati ya watu wengine.

Kwa hiyo nilienda, juzi, baada ya ile simu. Njoki ni mnene, ana mvi, na anacheka kama mama yake. Alinipitisha dukani, meza ya kukatia bado ipo, akanifungulia chumba cha kulala. Vitu vingi vilikuwa vimeshatolewa. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Lakini chini ya dirisha, juu ya meza, lilikuwepo tangi langu, na ndani yake kulikuwa kijani tupu. Makangaga yalikuwa yamefika juu yakajikunja chini ya kifuniko. Vioo vilikuwa vipya pande zote nne, na mistari ya gundi imenyooka vile vile. Kidimbwi kilikuwa na upana wa sahani. Pembeni ya meza kulikuwa na mitungi miwili ya manjano iliyobandikwa karatasi, mwandiko wake ule wa kuandikia vipimo vya vioo: MVUA. YA NAMBA SABA. SABUNI HAPANA.

"Hata kikombe hatukuruhusiwa kuweka hapo," Njoki akasema. "Kila mvua ikianza, anaacha mabati ioshwe kwanza, halafu anakinga. Nilimwambia, Mama, tupa hii kitu, inakusumbua na miguu hiyo. Akaniambia siwezi, ni ya mpangaji wa namba saba, bado hajahama."

Nilimuuliza kama alikuwa anakuja kumwona mara kwa mara. Aliangalia dirishani. "Si sana," akasema. "Kazi, unajua." Nilijua.

Mbele ya kioo kulikuwa na kigoda chake, kimechakaa mpaka kimeingia bonde katikati. Na kando yake, kimepanguswa vumbi, kilikuwa kiti changu kimoja. Nilichukua kikombe, nikafungua mtungi, nikamimina maji juu ya kilima, polepole, nikangoja yatokee chini ya mchanga. Njoki aliniuliza kama aite mkokoteni sasa, maana wanunuzi wanakuja saa tisa. Nikamwambia angoje kidogo, kwanza nikae.